Bloku ya Separator ya WordPress: nzuri sana, ila kwenye unene imetuangusha

Kama unaandika kwa WordPress na bado unatenganisha sehemu za posti kwa kubonyeza deshi mpaka mwisho wa mstari, aisee acha, kuna bloku ya Separator, kipande cha kuweka mstari wa kutenganisha, ipo tangu edita mpya ilipoingia na toleo la 5.0, Desemba 2018, na wengi wanaipita tu. Wala huna haja ya kuitafuta, andika deshi tatu kwenye aya tupu, bonyeza Enter, mstari huo hapo.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba inaweka hr yenyewe, tagi ya mstari ya HTML (lugha inayojenga kurasa za wavuti), sio picha wala herufi. Kwenye HTML5 hr ni alama kwamba mada imebadilika, kwa hiyo hata asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini anaweza kuambiwa hapa pana kitenganishi. Sio jambo dogo hilo.

Mitindo ipo mitatu, mfupi wa katikati, mrefu unaojaza upana wa maandishi, na nukta tatu. Kwa hadithi nukta ndo zenyewe, zinampumzisha msomaji bila kumkata, huo mrefu uache kwa pale unapohama kabisa, mfano posti ya mapishi umemaliza viungo unaingia kwenye kupika. Rangi unabadilisha hapo hapo pembeni, ila chagua inayoonekana kwenye simu juani, kijivu kilichofifia hakimsaidii mtu.

Sasa unene. Kwenye mipangilio ya kawaida hakuna pa kuuongeza, wala pa kuufanya mstari uwe wa vipande vipande, na kwa bloku ambayo kazi yake yote ni mstari hilo ni pengo kubwa kwa kweli. Watu wanakimbilia plagini nzima (programu ya nyongeza), jamani msifanye hivyo, mnaongezea tovuti mzigo wa bure wakati CSS fupi tu (maagizo ya mwonekano wa ukurasa) inamaliza kazi. Fungua Advanced kwenye mipangilio ya bloku, ipe klasi yako (jina la kuitambulisha kwenye CSS), hapa mstari-mnene, afu kwenye CSS ya ziada weka:

hr.wp-block-separator.mstari-mnene { border: 0; border-top: 4px dashed #0a7d5a; }

Ukifanya hivi ile rangi ya pembeni usiiguse, maana inakaa kwenye bakgraundi na itaziba mapengo ya vipande vyako. Na border: 0 itangulie, kwa sababu brauza kwa kawaida inaizungushia hr fremu nyembamba yenye kivuli, utaiona ukitumia CSS kama hii kwenye ukurasa ambao sio wa WordPress. Huko huko nje ya WordPress, ukiiweka hr ndani ya flex (mpangilio wa CSS wa kupanga vitu) ya kwenda chini mstari unaweza kupotea kabisa, ni zile marjini (nafasi za pembeni) za auto za kushoto na kulia zinaubana, ipe width: 100% unarudi.

Naipa nyota nne kati ya tano, wakileta sehemu ya unene naongeza ya tano.