Lee Sung Dang ya Gunsan: anza gatini, mkate baadaye

Mkate uliojazwa maharagwe mekundu matamu wa Lee Sung Dang, duka la mikate la mji wa Gunsan, ni mzuri kweli, na nasema hivyo nikiwa mwokaji ninayekula jasho la kazi hiyo hiyo. Lakini ukishuka tu kwenye basi ukakimbilia foleni ya mkate, hutajua umekula nini. Gunsan ina mpangilio wake, na kwa maoni yangu mpangilio huo unaanzia baharini.

Mji uko pwani ya magharibi ya Korea Kusini, mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kwa basi kutoka Seoul. Nyuma yake umetandaa uwanda wa Honam, mashamba ya mpunga yasiyo na mwisho. Bandari ilifunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1899. Japani ilipoitwaa Korea mwaka 1910, mji ukazidi kujengwa kwa kazi moja kubwa: kuutoa mchele wa uwanda ule na kuupeleka Japani. Mwaka 1918 watu wa Japani walifanya ghasia kwa sababu mchele ulikuwa haushikiki kwa bei. Miaka miwili baadaye serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa kuilazimisha Korea izalishe zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1930, karibu nusu ya mavuno ya mchele ya Korea yalikuwa yanapakiwa melini, na wakulima wenyewe wanajazia tumbo kwa nafaka ndogo ndogo zilizoletwa kutoka Manchuria.

Haya yote unayaona gatini, tena bila kuhitaji mtu wa kukueleza. Bahari ya upande huu hupwa na kujaa kwa tofauti ya mita kadhaa. Maji yakipwa, kinachobaki ni tope tupu, na meli kubwa haiwezi kusogea. Wajapani wakajenga magati yanayoelea: kwa mbele kuna boya kubwa la kupandia melini, na kati yake na nchi kavu kuna daraja la chuma linalopanda na kushuka pamoja na maji. Yaani hata bahari isingepewa nafasi ya kuchelewesha magunia. Nilisimama pale maji yakiwa yamepwa, daraja limeinama kuelekea kwenye tope, chuma kimeliwa na kutu, na nikaona kazi ya uhandisi iliyofanywa kwa ustadi mkubwa kwa ajili ya jambo baya. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile.

Jengo la forodha la 1908, la matofali mekundu, liko karibu hapo, pamoja na majengo mawili ya zamani ya benki ambayo sasa ni makumbusho. Yapitie, ila usimalizie nguvu zako humo. Katika makumbusho ya mji tafuta habari za wakulima wa Okgu, eneo la mashamba jirani na mji, ambao mwaka 1927 walisimama dhidi ya shamba la kampuni ya Kijapani lililowadai asilimia 75 ya mavuno kama kodi ya ardhi. Asilimia 75! Ukishaisoma namba hiyo, nyumba nzuri utakazoziona baadaye hazitakudanganya.

Na nyumba nzuri zipo. Ile ya mfanyabiashara Hirotsu, mtaa wa Sinheung, ni ya ghorofa mbili, ya mbao, na ina bustani ya mawe iliyotunzwa vizuri. Ndani ina vyumba vyenye mikeka ya tatami kwa mtindo wa Kijapani, na pia chumba chenye sakafu ya ondol inayopashwa moto kwa chini kama nyumba za Wakorea, maana baridi ya huku haichagui mtawala na mtawaliwa. Siku niliyokwenda tuliitazama tukiwa bustanini tu, na ilitosha. Kilichoniudhi ni duka moja la kukodisha mavazi ya zama hizo kwa ajili ya picha. Kuta zimejaa maneno matamu kuhusu uzuri wa siku za kale, na hakuna hata mstari mmoja unaosema siku hizo zilikuwa nzuri kwa nani. Mteja aliye mbele yangu alikuwa binti mdogo aliyekuja na bibi yake; binti alichagua kofia, bibi akabaki mlangoni. Sikumwuliza chochote, si kazi yangu.

Hekalu la Dongguksa lazima ufike. Ndilo hekalu la Kibudha la mtindo wa Kijapani linalojulikana kuwa la mwisho kubaki Korea likiwa bado linatumika. Lilianzishwa mwaka 1909 na mtawa wa Soto, madhehebu ya Kibudha ya Japani, na ukumbi wake mkuu una paa lenye mteremko mkali na kuta zisizo na nakshi, tofauti kabisa na mahekalu ya Kikorea yaliyochangamka kwa rangi za kijani na nyekundu. Leo wanaosali humo ni Wakorea wa Jogye, madhehebu ya Kibudha ya Korea. Uani kuna jiwe lililosimamishwa mwaka 2012 na Wajapani wa madhehebu yale yale ya Soto, lenye maneno ya kuomba radhi: kwamba dini yao ilitumika kuutumikia utawala wa kijeshi na kuwadhalilisha watu wa Asia. Karibu nalo kuna sanamu ya msichana, ukumbusho wa wanawake waliofanywa watumwa wa ngono na jeshi la Japani. Hakuna aliyelibomoa hekalu, na hakuna aliyeisafisha historia yake. Wamelibakiza, wakaongeza maneno yaliyokuwa hayapo. Kwangu mimi ndiyo kazi bora kuliko zote katika mji huu.

Sasa mkate.

Kabla ya 1945 mjini hapa palikuwa na duka la Mjapani la vitafunio lililoitwa Izumoya. Vita vilipoisha Wajapani wakarudi kwao, na familia ya Lee, iliyoanza biashara mwaka huo wa 1945, ikaja kuendeleza kazi kwenye jengo hilo. Ndiyo maana Lee Sung Dang hutajwa kuwa duka la mikate kongwe kuliko yote Korea yanayoendelea kufanya kazi. Mkate wa maharagwe nao ulitoka Japani: Kimura Yasubei aliubuni Ginza, Tokyo, mwaka 1874, na donge lake aliliumua kwa chachu ya mchele, ile ya kutengenezea sake, pombe ya mchele ya Kijapani.

Wa Gunsan una mchele ndani ya unga wenyewe. Waokaji wenzangu wanajua ugumu wake: mchele hauna gluteni, ile protini ya ngano inayolifanya donge lishikamane na kuvutika, hivyo donge halishiki hewa, linapasuka na kulala. Huu haujalala. Niliukata katikati nikautazama kwa karibu. Ngozi ya mkate ni nyembamba kiasi kwamba karibu uione rangi ya maharagwe, haikuchanika hata chini ambako uzito wote umekalia, na maharagwe yamejaa kuliko donge. Yamepondwa, si ya kuchujwa yakawa laini kabisa, na sukari imezuiwa mkono. Mchele unaupa utafunaji wa kunata kidogo ambao ngano pekee haiutoi.

Duka lina pia mkate wa mboga, ambao wengine wanaupenda zaidi: kabichi na kitunguu, pilipili manga, umajimaji mwingi. Mzuri, ila ni mkate wa njaa. Wa maharagwe ndio wa kufikiria.

Nikiwa nautafuna nilikuwa nimetoka gatini saa chache tu kabla, ndiyo maana nina ombi moja kwa wenye duka: kibao kimoja karibu na sinia za mikate, kinachotaja Izumoya na mchele uliopita mtaa huu kwenda melini. Mikate haitapungua kuuzwa. Wanaokuja kwa mabasi kutoka Seoul wengi hawafiki hata baharini.

Nenda siku ya kazi, maana wikiendi foleni inatoka nje mpaka barabarani. Wa mboga ule hapo hapo ukiwa moto. Wa maharagwe unavumilia safari, lakini unga wa mchele hukakamaa upesi, kwa hiyo kesho yake uweke kwenye mvuke dakika chache kabla ya kula, wala usiuingize kwenye maikrowevu.