Miezi mitano na huduma ya kutengeneza ukurasa wa kutua: nilichofuta ndicho kilichonisaidia

Nafundisha kushona kwa video, kozi ya wiki nne. Tovuti nilikuwa nayo, lakini kila nikirusha tangazo watu walifikia ukurasa wa mwanzo wenye menyu ya vitu saba, wakazungukazunguka humo, wakaondoka. Nikashauriwa nitengeneze ukurasa wa kutua, yaani ukurasa mmoja wenye kazi moja tu. Nikajiunga na mojawapo ya huduma hizi za kuburuta vipande na kuvipanga, ambazo hazikudai ujue msimbo. Jina silitaji.

Nianze na sifa, maana wanastahili. Kujisajili ni dakika chache, violezo, yaani kurasa za mfano zilizokwisha kupangwa, vinapendeza kwelikweli, na baada ya saa mbili ukurasa wangu ulikuwa hewani. Nikautazama kwenye kompyuta, nikajipongeza. Siku tatu za tangazo, fomu ikajazwa mara mbili. Mara moja kati ya hizo ni mimi mwenyewe nilikuwa najaribu.

Jioni moja nikampa jirani yangu simu: "Hebu shika, niambie hapa wanauza nini." Kisha nikanyamaza, na kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kutengeneza huo ukurasa. Akasubiri picha ya juu ifunguke. Akasubiri tena. Ilipokuja, akaibonyeza ile picha ya gauni akidhani ni kitufe. Kimya. Akashusha ukurasa kwa kidole gumba hadi chini kabisa, akapanda juu, akaniuliza, "Dada, hii ni shule au duka la nguo?"

Hapo ndipo nilipokisoma kichwa cha ukurasa wangu kwa macho ya mgeni. Kiolezo kilikuja na maneno ya mfano, "Badilisha maisha yako leo", nami nikayaacha kwa kuwa yalikuwa matamu masikioni. Tangazo lenyewe lilisema "Shona gauni lako la kwanza ndani ya wiki nne". Mtu kabonyeza kwa ajili ya gauni, anafika anakuta habari za maisha kubadilika. Ataona amekosea mlango. Nikachukua maneno yaleyale ya tangazo nikayafanya kichwa, na gauni lilelile nikaliweka chini yake. Sijabadilisha kitu kingine siku hiyo. Wiki iliyofuata wakajiandikisha watu tisa, kwa tangazo lilelile.

Kitufe nacho kilisomeka "Wasilisha", kama vile mtu anapeleka maombi ya kazi. Nikaandika "Nitumie somo la kwanza", nikakipa rangi ambayo haipo popote pengine kwenye ukurasa. Fomu ya kiolezo ilikuwa na visanduku sita, hadi tarehe ya kuzaliwa, ambayo sijui ningeifanyia nini. Nimebakiza jina na namba ya simu. Tena kwenye mipangilio ya kisanduku, ukichagua aina ya "simu", mgeni akigusa tu anatokewa na kibodi ya tarakimu. Mpangilio huo wameuficha ndani ya menyu ya tatu, na ni mzuri kuliko mapambo yao yote.

Kuhusu kasi, hapa nina kinyongo. Nilipima kwa PageSpeed Insights, kifaa cha bure cha Google. Wao wanataka kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, changu kilichukua karibu 8. Chanzo ni zile picha nne zinazopishana juu, mojawapo ikiwa na MB 4, ilivyotoka kwenye kamera. Huduma inajinadi kwamba inapunguza picha yenyewe. Kumbe inapunguza za sehemu za kawaida, za kupishana inaziacha zilivyo, na hilo niliambiwa baada ya kuwaandikia barua pepe tatu. Nikafuta tatu, moja nikaihifadhi kwa mfumo wa WebP, unaofanya faili la picha kuwa jepesi, ikashuka chini ya KB 100. Sasa ni sekunde 2.3. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe nayo nimeyakoleza. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na violezo vingi vya huduma hii havifiki.

Kuna na saa ya kuhesabu kurudi nyuma, "ofa inaisha baada ya dakika 15". Niliiwasha, nakiri. Kila mtu akifungua upya ukurasa, inaanza tena kwenye 15. Mteja mmoja akaniandikia: "Mwalimu, hata jana zilikuwa zimebaki kumi na tano." Niliona aibu. Nimeiondoa, na mahali pake nimeweka tarehe halisi darasa linapoanza.

Jaribio la A na B, yaani kuwaonyesha wageni matoleo mawili ya ukurasa uone lipi linafanya vizuri, usiwalipe ziada kwa ajili yake kama wageni wako ni wachache kama wangu. Niliweka vichwa viwili vishindane. Baada ya wageni 19 mfumo ukanitangazia mshindi kwa nyota na rangi ya kijani. Wanne walijiandikisha upande huu, wawili upande ule! Ukirusha sarafu mara chache utapata tofauti hiyohiyo. Simu ya jirani imenifundisha mengi zaidi, na yeye simlipi.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba ukurasa hautoki. Ukiacha kulipa, unapotea pamoja na kila ulichopanga, na hakuna namna ya kuupakua ukaupeleke kwenye seva nyingine. Kwa hiyo nimeongeza miezi mitatu, mwaka nimekataa, na maneno yote ya ukurasa nimeyanakili kwenye faili langu pembeni.