Testaccio, Roma: utumbo wao nimeuvulia kofia, mkate wa kulipia hapana

Wadau mlioko Roma au mnaopanga kupita, hiki kigahawa kipo Testaccio karibu na yale machinjio ya zamani, jina silitaji maana nina malalamiko nao kidogo huko chini.

Nianze na utumbo coz ndo ulionipeleka. Trippa alla romana, utumbo wa ng'ombe umekatwa vipande virefu, umepikwa taratiiibu kwenye nyanya mpaka umelainika, juu wanamwagia jibini la pecorino na nanaa. Sisi tumezoea ndimu, tangawizi na pilipili ya kutoa jasho, pale ukali hamna kabisa lakini aisee ile nanaa inakata mafuta na chumvi ya jibini inamalizia, nilifuta sahani na mkate. Euro 13. Siku yake kwa desturi ya Waroma ni Jumamosi, Alhamisi gnocchi (vidonge vya viazi), Ijumaa samaki, kwa hiyo ukienda Jumanne ukaukosa usinune.

Hivi vyakula ni vya hapohapo mtaani. Machinjio yalifanya kazi toka mwishoni mwa karne ya 19 mpaka 1975, na vibarua walikuwa wanapewa sehemu ya ujira wao kwa mikia, vichwa na matumbo, steki zinaenda kwa wenye nazo, sasa wapishi wa vilabu vya mvinyo vya jirani wakawa wanapokea huo mzigo na kuupika. Ndo ikatoka coda alla vaccinara, mkia wa ng'ombe na nyanya na seleri nyingi, unachemka masaa mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Wa pale ulikuwa mtamu ila mifupa ilizidi nyama, kwa bei ile wangeongeza kipande.

Niliyekuwa naye akaagiza rigatoni con la pajata. Rigatoni ni pasta, pajata ni utumbo wa ndama anayenyonya bado, maziwa ya ndani hawayatoi, yakipata moto yanaganda na kuwa kama jibini laini kwenye sosi. Ilipigwa marufuku 2001 kipindi cha kichaa cha ng'ombe, ikaruhusiwa tena 2015. Nilionja nikamrudishia sahani yake, yeye alikula huku kafumba macho.

Kwa wasiokula kitimoto ulizeni KABLA, maana mafuta ya nguruwe yanaingia mpaka kwenye huo mkia, na mvinyo nao unamiminwa sufuriani. Pasta za carbonara, gricia na amatriciana ndo usiulize, zote zina guanciale, shavu la nguruwe.

Malalamiko sasa. Mkate wanauweka mezani hujauomba halafu unaukuta kwenye bili. Mhudumu mmoja meza zote, maji tu tulisubiri mpaka tukakata tamaa. Na tiramisu ni ya friji, imelegea, iruke. Kahawa kanywe baa yoyote ya jirani, ila simama kaunta, ukikaa mezani bei inapanda.