Laptopu ya elfu 30 Nairobi: ipi uitangulize, ipi uiache dukani

Ukiingia mjini na kati ya elfu 25 na 40 kutafuta laptopu, utaonyeshwa aina mbili: mpya za bei nafuu zikiwa bado kwenye boksi, na zile zilizotumika maofisini ng'ambo ambazo hapa kwetu tunaziita Ex-UK. Kwa kazi za kila siku, yaani Word na Excel, iTax, eCitizen, masomo ya chuo, mikutano ya Zoom na filamu ya jioni, chukua Ex-UK. Lakini si Ex-UK yoyote, na hapo ndipo pesa za wengi hupotelea.

Tuanze na prosesa, yaani ubongo wa mashine, kwa sababu ndiyo isiyobadilishika baadaye. Dukani Moi Avenue au Luthuli utaambiwa, "Boss, hii ni i7, hiyo uliyoshika ni i5 tu." Usikimbilie i7 hiyo. Soma tarakimu zinazofuata kistari; hapa ya kwanza ndiyo kizazi. i7-6600U ni ya kizazi cha sita na ina viini (cores) viwili. I5-8250U ni ya kizazi cha nane na ina viini vinne. Ukifungua kurasa kumi za intaneti huku Zoom inaendelea, utaona tofauti mwenyewe.

Kizazi cha nane pia ndicho mpaka wa Windows 11. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Intel za kabla ya kizazi hicho, ukitoa chache mno, hazimo kwenye orodha ya zinazokubalika. Kuna wauzaji wanaoingiza Windows 11 kwa njia ya mkato. Mashine itawaka vizuri, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho ya usalama. Kama ndiyo utakayotumia kuingia benki na kujaza ritani za KRA, usikubali.

Chaguo langu la kwanza ni Lenovo ThinkPad T480. Ni nene kidogo na sura yake haivutii sana, lakini ina betri mbili: moja ndani, nyingine ya kuchomoa kwa nje. Stima ikipotea mtaani, betri ya ndani inabeba kazi wakati unabadilisha ya nje, wala huhitaji kuzima. Memori (RAM) ina nafasi mbili, kwa hiyo ukianza na 8GB unaweza kuongeza ukipata pesa. Kagua jambo moja: matundu ya USB-C. Modeli hii ilikuwa na hitilafu ya programu ya Thunderbolt, teknolojia iliyo kwenye tundu la USB-C, ambayo Lenovo ilitolea sasisho, na ambayo haikusasishwa mapema inaweza kukataa kuchaji. Chomeka chaja tundu la kwanza, kisha la pili, uone taa ikiwaka kote.

Ya pili ni HP EliteBook 840 G5. Ni nyembamba, ina mwili wa alumini, na anayepanda matatu kila siku huenda akaipenda kuliko T480. Betri yake iko ndani, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi ya bisibisi. Dell Latitude 7490 naiweka ya tatu, lakini iko karibu mno na HP. Ukiipata ikiwa safi zaidi, chukua hiyo.

Angalizo: modeli hizi tatu ziliwahi pia kuuzwa na prosesa za kizazi cha saba. Jina lililo kwenye mwili halitoshi. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows, uifungue na usome jina la prosesa mwenyewe.

EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460 ni mashine imara za kizazi cha sita, na bei yake itakushawishi. Zinunue tu ukiwa tayari kutumia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Nafasi ya mwisho ni laptopu mpya yenye Celeron N4020, memori ya 4GB iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya eMMC (aina ya bei nafuu) ya 64GB. Najua uzuri wa kufungua boksi jipya, na mzazi anayemnunulia mtoto anayeingia chuo huona kipya ndicho salama. Lakini Windows 11 yenyewe inakula sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, na memori huwezi kuiongeza. Chromebook ndogo za shule, zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, nazo zina tarehe ya mwisho ya masasisho kutoka Google. Itafute kwa jina la modeli kabla ya kulipa.

Ukishachagua, usiondoke kaunta haraka. Fungua Command Prompt (dirisha la amri la Windows), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili inayotokea. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ikiwa betri iliundwa kubeba 50,000 mWh na sasa inabeba 30,000, imebaki asilimia 60. Omba betri nyingine au punguzo. Zima laptopu, kisha uiwashe ukibonyeza F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo au F2 kwa Dell. Ikidai nywila ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) ambayo muuzaji hana, irudishe. Hakikisha hifadhi ni SSD, ile ya kasi, si diski ya kuzunguka. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Nyingi ni za Uingereza, ambapo @ na alama ya kunukuu zimebadilishana nafasi, na hiyo si kasoro.

Lipa kwa till ya duka, jina linalotokea kwenye M-Pesa lilingane na la duka, na usitume hata senti kwa mashine uliyoiona kwenye picha tu. Risiti iandikwe namba ya utambulisho (serial number) ya laptopu, ile iliyo chini ya mwili, kwa sababu mashine za wizi nazo zinazunguka mjini na wewe ndiwe utakayeulizwa. Uliza waranti ni ya muda gani na kama inahusu betri na chaja, kisha iandikwe hapohapo. Wiki ya kwanza itumie kutwa nzima: ichaji, iishe, ipate joto, ifungue Zoom kwa saa mbili, ili kama kuna hitilafu ijitokeze kabla waranti haijaisha.