Kayaki moja ya wawili, au kila mtu na yake?

Kusi likivuma, nje ya mwamba wa Kilifi bahari huchafuka. Mlangoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ndiko kwenye balaa: maji yakipwa hutoka kwa nguvu, yakakutana na mawimbi yanayosukumwa na upepo, na mawimbi hayo husimama wima kisha yakavunjika. Kama wewe na rafiki yako mmeshikilia kutoka, basi chagueni chombo vizuri.

Kayaki ya wawili ni imara na ina mbio. Roho ikimchafuka mmoja, mwenzake anaendelea kupiga kafi. Wa mbele ndiye mwenye mwendo, wa nyuma aufuate. Msiposikilizana, makafi yatagongana na mtanuniana hadi ufukweni. Kasoro yake ni moja, ila nzito: ikipinduka, wote mko majini.

Kayaki mbili hushinda hapo hapo. Mwenzako akipinduka, shika ncha ya kayaki yake, uivute juu ya yako ikiwa bado kifudifudi maji yamwagike, uigeuze, kisha uibane ubavuni mwako naye apande. Inahitaji mazoezi, tena si ya siku ya mawimbi. Na mkiachana kidogo tu, wimbi linamficha mtu mzima na sauti haifiki, kwa hiyo kila mmoja afunge filimbi kwenye jaketi lake.

Wasiowahi kuokoana wachukue ya wawili, na wabaki ndani ya mwamba. Wenye mazoezi, mimi ningewapa mbili bila kusita.