Mzee Faki halii: uzoefu wangu na kundi la kuigiza kwa maandishi

Zamu yangu ilikuwa na mistari mitatu. Naiandika hapa kama ilivyokuwa, maana kule nilikoiweka haipo tena:

"Mzee Faki aliingia na matope hadi magotini. Hakukaa. Akasema: 'Mmoja tu uliosimama, bibi, nao umeegemea kaburi la mama yako.'"

Mistari hiyo ilinila jioni nzima. Niliandika, nikafuta, nikaenda kusali isha, nikarudi nikaondoa neno moja, nikatuma, nikalala. Asubuhi nilikuwa na mafeni matatu ya mteja yananisubiri, kwa hiyo simu sikuishika mpaka adhuhuri. Kuifungua, zamu yangu haipo. Chini ya zamu iliyotangulia kuna jumbe tatu zimefuatana, ndefu kama shuka, na juu ya skrini zimebandikwa kwa maneno ya admini: "HII NDIYO FASIHI."

Jina la kundi silitaji, waliomo watajijua. Ni kundi la Telegram la kuigiza kwa maandishi. Kila mtu ana mhusika wake, unaandika zamu yako, mwenzako anajibu kwa yake, na hadithi inakwenda. Unalipa elfu tano kwa mwezi, unatuma kwa simu, na unaambiwa pesa hiyo ni ya "uhariri". Mie niliingia baada ya Idi, wiki ya pili au ya tatu hivi, na kilichonivuta ni hadithi yenyewe: Unguja, Aprili 1872, siku chache baada ya kile kimbunga kilichoangusha mikarafuu mashambani. Mtu wa Pemba hadithi hiyo huipiti hivi hivi. Mwaka ule mashamba ya Unguja yalilala chini, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi ya visiwa hivi ikawa inatoka kwetu. Mie nimekulia kwenye majamvi ya kuanikia. Nimechambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, usiku kwa taa ya chemli mpaka vidole vikanuka wiki nzima. Nikasema hapa ndipo pangu.

Nilichukua nafasi ya nokoa wa shamba, Mzee Faki, na katika zamu yangu anampa habari ya mikarafuu Zuwena, binti wa tajiri mwenye nyumba. Nokoa wa zama zile alikuwa mtu wa kati na kati: anasimamia watumwa wenziwe, na yeye mwenyewe mara nyingi ni mtumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado wazi, likaja kufungwa 1873. Kwa hiyo nilitaka mzee wa maneno machache, kwa sababu mtu wa hali hiyo mbele ya watu wa nyumba kubwa hupima kila neno kabla halijamtoka. Ufupi wa Mzee Faki ndio Mzee Faki mwenyewe. Nilimweleza hivyo admini siku ya kujiandikisha, akanijibu "safi sana".

Sasa nikuoneshe kilichokaa mahali pa zamu yangu. Sitaweza kukiweka chote, ujumbe mmoja wa Telegram unabeba herufi 4,096 na hiki kilipitiliza viwili. Kinaanza hivi:

"Zuwena, lulu ya malulu, chipukizi la nasaba iliyonasibika, aliyainua macho yake, johari mbili zilizochovywa katika maziwa ya mbalamwezi, akaitazama mikarafuu iliyochanua maua ya dhahabu…"

Nilisimama hapo hapo na bisibisi mkononi. Mikarafuu iliyochanua! Hadithi nzima ina jambo moja tu kubwa, kwamba mikarafuu imeanguka, na huyu anaichanulisha. Tena karafuu haingoji ichanue. Huchumwa ikiwa tumba. Ikishafunguka ua imeshapita, hakuna anayekuja kuitazama kwa macho ya johari. Nikaendelea kusoma. Kwa mbali Beit al-Ajaib inang'aa, jengo ambalo Sayyid Barghash alilijenga 1883, miaka kumi na moja baada ya kimbunga. Nywele zina aya yake. Marashi yana aya yake. Kaburi la mama halimo. Halafu, ujumbe wa tatu, karibu na mwisho, hili:

"Mzee Faki akapiga magoti, machozi yakimbubujika kama chemchemi za Firdausi."

Mhusika wangu. Amepigishwa magoti na kulizwa na mtu mwingine, mimi nikiwa dukani natengeneza feni.

Anayecheza michezo hii anajua kwamba kumwendeshea mwenzako mhusika wake ni kosa la kwanza. Hata mgeni wa siku moja huambiwa. Nikamwandikia admini faraghani, kwa adabu, na mazungumzo ninayo mpaka leo.

"Asalaam aleikum kaka. Zamu yangu ya jana siioni."

"Waalaykum salaam. Imefutwa. Haikufika kiwango."

"Kiwango gani, kaka?"

"Mistari kumi na tano kwenda juu. Hapa tunaandika fasihi. Meseji za kuagiza pweza tumianeni huko huko Pemba."

Nikaisoma mara mbili. Nikamwuliza kwa nini basi wamemliza Mzee Faki bila idhini yangu. Akaniletea emoji ya kucheka, na chini yake: "Angalau sasa ana hisia."

Hilo neno ndilo lililoniandikisha haya yote. Elfu tano ningeisamehe. Hata pweza ningeisamehe, utani wa Unguja na Pemba tumezaliwa tukaukuta, ingawa huyu hakuwa akitania. Lakini kumwambia mtu kwamba mzee aliyeingia na matope magotini, akakataa kukaa, akataja kaburi, hana hisia, na mwenye hisia ni yule anayebubujika chemchemi! Mtu huyo ndiye anayekusanya pesa za watu awafundishe kuandika.

Wanaopenda mtindo huu hudhani ndio ustadi wa kale, na wafupi ni vijana wavivu wa simu. Mambo hayakwenda hivyo. Michezo ya watu wengi kukutana kwa maandishi ndani ya kompyuta ina chimbuko lake Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, 1978, pale Roy Trubshaw na baadaye Richard Bartle walipotengeneza mchezo uitwao MUD. Mtu aliandika amri fupi, neno moja au mawili, akajibiwa, akaandika tena. Kujibizana kulianza kwanza, mapambo yakaja nyuma. Na wenzetu wanaocheza kwa Kiingereza wana ugomvi huu huu kwa miaka mingi: kuna makundi yanayojiita ya "waliosoma" na kuwafukuza wa mstari mmoja, na kuna wanaowacheka hao waliosoma kwa sababu huyaita macho ya mtu "matufe".

Kwetu wala hatuna haja ya kufika Essex. Aliyewahi kuiona ngoma ya kibati Pemba anajua ninachosema. Watu wanajibizana kwa maneno ya papo kwa papo, haraka haraka, ngoma inapigwa, wengine wanaitikia. Utamu wote uko katika lile neno linalomrudia mwenzako akiwa bado hajapumua. Sasa mtie humo mtu mmoja ashike maneno, aanze kueleza nywele zake na marashi yake, aeleze na wewe unavyomshangaa. Wapigaji watafanya nini? Wewe uliyesimama mbele yake utasema nini? Ameshasema yako na yake.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linanikera kulikumbuka. Sikumjibu admini. Nilikwenda kundini, mbele ya watu wote, nikamshambulia yule aliyeandika. Nikamwambia ajifunze kwanza karafuu ni nini kabla ya kuipaka dhahabu. Nikamwambia maneno yake ni ubani wa kufukizia chumba kisicho na mtu. Niliyaona matamu wakati nayaandika. Watu wakaweka vicheko. Yeye hakusema kitu.

Usiku akaniandikia faraghani. Ni binti wa Unguja, anasoma skuli bado.

"Kumradhi, kaka. Sikukusudia kumliza mzee wako. Nilikuwa nimeshakujibu usiku ule ule, zikafutwa zote mbili, yako na yangu. Nikaambiwa nikirudia kuandika kidogo natolewa. Nikachukua vipande vyangu vya hadithi nyengine nikaviunga asubuhi kabla sijatoka."

Nikamwuliza alikuwa amejibu nini. Akanitumia picha ya skrini, aliipiga kabla haijafutwa kwa sababu, kasema, aliipenda:

"Zuwena hakugeuka. Akasema: 'Huo msiukate mpaka nifike mwenyewe.'"

Jamani. Mistari miwili. Binti wa tajiri amepewa habari kwamba mali yote ya nyumba imelala chini, na kitu cha kwanza anachokisema ni kuhusu ule mti mmoja. "Msiukate" maana yake anawajua wanaume wa nyumba ile, anajua wameshaufikiria. "Mpaka nifike mwenyewe" maana yake atatoka, mtoto wa kike wa nyumba kubwa, atakwenda shamba kwenye matope. Na Mzee Faki ameachiwa kazi: ataupeleka ujumbe huo kwa nani, na akiambiwa ukate, atamtii nani? Mie na uzee wangu huu wa maneno nisingeipata sentensi ile. Mtu anayeweza kuandika hivyo ndiye niliyemwambia ajifunze. Nilimwomba radhi faraghani, halafu nikaona haitoshi, nikamwomba radhi kundini pale pale nilipomvunjia heshima. Ujumbe huo admini aliufuta. Ulikuwa na mistari minne.

Horace, mshairi wa Kirumi, miaka elfu mbili iliyopita aliwasema waandishi wanaoshonea kipande cha kitambaa cha zambarau kwenye nguo ili king'ae kwa mbali, na Waingereza wakapata humo jina la maandishi yaliyorembwa kupita kiasi: ya zambarau. Nilikuwa nikidhani msemo huo unamlenga mwandishi mwenye mikogo. Tangu ile picha ya skrini namwona mtoto amekaa asubuhi na sare ya skuli, anashona viraka juu ya nguo nzima, kwa sababu kuna mtu mlangoni anayehesabu vitambaa.

Nisije nikaeleweka kwamba nachukia urefu. Kundini humo humo kuna mtu, nadhani ni wa Makunduchi kwa lafudhi ya baadhi ya maneno yake, aliyeandika usiku wa kimbunga chenyewe kwa mistari kama arubaini. Upepo unavunja, watu wamejikusanya chumba kimoja, halafu ghafla kimya. Nyota zinaonekana. Watu wanatoka nje wanashukuru, mmoja anakwenda kumtafuta mbuzi wake. Halafu upepo unarudi kutoka upande wa pili. Niliisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mke wangu akaacha kukuna nazi akasikiliza. Arubaini ile haina hata mmoja wa kuondoa, kwa sababu kila mstari unahamisha mtu kutoka hapa kwenda pale. Na mwisho wake mbuzi bado hajapatikana, mtu mwengine aingie amtafute. Kwa usiku ule peke yake nilikuwa tayari kusema elfu tano ni bure.

Kwa hiyo mniulize kundi hili ni zuri au baya, mie mwenyewe nababaika. Wiki ya kwanza ningekwambia ingia kesho. Siku ya zamu kufutwa ningekwambia hata bure usiingie. Waliomo ni waandishi, wallahi, wengine wazuri kuliko wanavyojijua. Ubaya uko kwenye ile sheria ya mistari kumi na tano na mtu aliyeishika kama rungu. Nimesema ubaya ni mmoja, lakini mmoja huo umeingia kila mahali: ukisoma zamu za watu wapya unaona kabisa wapi walimaliza walichotaka kusema, mstari wa tano au wa sita, na wapi wakaanza kujaza. Mwezi, marashi, johari. Wote wanajaza kwa vitu vile vile. Binti huyu na kijana wa Mkoani na mama mmoja wa Jang'ombe, ukiondoa majina huwezi kuwatofautisha, na walipoingia kila mmoja alikuwa na sauti yake. Hapana, nikilifikiria hilo narudi palepale. Msiingie.

Pesa nimeidai mara tatu. Mara ya kwanza alinijibu kwa kidole gumba, mbili zilizofuata hakujibu. Basi na ikae. Ninachokitaka hasa ni zile jumbe tatu zishushwe kutoka juu ya skrini, maana kila anayeingia leo anamkuta Mzee Faki kapiga magoti analia, na anadhani ni mimi niliyemwandika.

Yule binti na mie tumetoka. Tunaendelea wawili, bila ada, na mama yake anajua. Tulizungumza naye kwa simu kwanza, kama inavyopasa. Jana baada ya isha alituma zamu ya mistari minne. Zuwena amefika shambani. Amevua viatu, ameweka mkono kwenye gome la ule mkarafuu, na anamwuliza Mzee Faki nani aliyeanza kuupiga shoka. Sijamjibu bado. Mzee anamjua aliyepiga.