Mkanda wa ngiri: nimeuvaa miezi saba, haya ndiyo niliyoyaona

Mimi nauza mawese hapa Kigoma mjini. Dumu la lita 20 likijaa lina kama kilo 18, na kwa miaka nilikuwa nabeba mawili mawili, moja kila mkono, kutoka kwenye gari hadi kibandani. Masika ya mwaka juzi nikaona kiuvimbe kwenye kinena upande wa kulia, ukubwa wa ndimu. Nikilala kinarudi ndani, nikisimama kinatoka. Huku kwetu neno ngiri, yaani utumbo kutokeza kupitia tundu kwenye ukuta wa tumbo, limebebeshwa kila kitu, kuanzia kiuno kuuma hadi nguvu za kiume, kwa hiyo nilianza kwa kunywa mizizi. Mwezi mzima wa uchungu mdomoni, ndimu iko palepale.

Ndipo nikanunua mkanda, 35,000, duka la dawa silitaji. Kijana wa pale akaniapia: “Baba, vaa miezi mitatu tu, tundu litajiziba lenyewe.”

Bidhaa yenyewe ni lastiki pana inayozunguka nyonga, ina vimto viwili vya kukandamiza kinena na kamba mbili zinazopita katikati ya mapaja. Kamba hizo ni adhabu. Kwa joto la huku, saa nne asubuhi jasho limeshaloa na mapaja yanawaka. Tena lazima uuvae ukiwa umelala, uvimbe ukishaurudisha ndani kwa mkono taratibu. Ukiufunga umesimama na uvimbe uko nje, unaubana utumbo wenyewe. Boksi halikuandika hilo. Nililijua kwa maumivu. Ukivaliwa vizuri, nakiri, unasaidia: nilikaa dukani siku nzima bila kushika kinena kila nikipiga chafya.

Ila hauponyi, na sababu niliielewa siku nilipofika hospitali. Daktari alinisimamisha, akaweka kidole kinenani, akasema, “Kohoa, mzee wangu.” Nikakohoa. “Umesikia ulivyonigonga kidole?” Kisha akageuza fomu yangu akachora.

Ukuta wa tumbo, kumbe, umepangwa kama plaiwudi. Chini ya ngozi na mafuta, ubavuni kuna misuli mitatu imelaliana, na nyuzi za kila mmoja zina njia yake. Wa nje nyuzi zake zinashuka kwenda mbele, kama vidole vya mtu aliyetia mikono mfukoni. Wa kati zinapanda kinyume. Wa ndani zimelala kulizunguka tumbo; huo ndio mkanda niliozaliwa nao, na sikuulipia. Nyuma yake kuna utando, halafu utumbo.

Sasa kinenani kuna mfereji wa kama sentimita 4 unaopita mshazari katika tabaka hizo. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake zinaanzia juu karibu na figo, kisha zinashuka kupitia hapo, na mishipa yake inabaki imepita humo maisha yote. Mlango haukomewi kwa sababu kuna bomba linapita. Ndiyo maana ngiri ya kinena inatukamata zaidi sisi wanaume. Ukikaza tumbo, kuta za mfereji hubanana zenyewe. Zikilegea, utando unasukumwa nje kama mfuko na utumbo unafuata. Kimto cha mkanda kinausukuma mfuko kutoka nje, basi. Mshono hakina.

Mwezi wa saba wa kuvaa mkanda, usiku mmoja uvimbe uligoma kurudi. Ukawa mgumu, nikatapika. Nashukuru ulirudi kabla bodaboda haijafika, lakini daktari alinigombeza: utumbo ukinyongwa hapo unakosa damu na kuoza, hiyo ni dharura ya saa, si ya kungoja kukuche.

Nikapasuliwa kwa ganzi ya mgongo. Walinishonea wavu mdogo wa polipropilini, aina ya plastiki, juu ya sehemu iliyolegea, na nyama huota kupitia matundu yake. Nikauliza kama ni wavu wa dagaa, chumba kizima kikacheka. Daktari akaniambia Uganda walishajaribu wavu wa aina ya chandarua kwa wanaume 302, utafiti ukatoka 2016, na baada ya mwaka mmoja haukutofautiana na ule wa bei mbaya. (Uliosafishwa kwa kazi hiyo na usio na dawa ya mbu, jamani, msikate vyandarua vyenu. Huku wapo wanaovulia, inatosha.)

Madumu sikushika wiki sita. Kijana wa jirani alinibebea kwa malipo. Sehemu ndogo ya ngozi karibu na kovu bado imekufa ganzi.

Mkanda naupa nyota 2. Moja ni ya lastiki, haikulegea hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Nyingine ni kwa mtu ambaye ana tarehe ya upasuaji mkononi na uvimbe wake bado unarudi. Jamaa mmoja wa Ujiji ameniomba nimuuzie wangu. Nimempa bure, ila nilimlaza kwanza kwenye mkeka nikamwonyesha unavyovaliwa.